Kuuamsha Msuli ili Mwenyewe Alale

Wahenga walinena kuwa hujafa hujaumbika. Methali hii niliisikia nikiwa shule ya msingi, nikaitia katika insha zisizo na idadi kwa nia ya kumfurahisha mwalimu. Hata hivyo, sikuielewa hadi Januari mwaka wa 2023, nyanya yangu alipoteleza na kuanguka karibu na kioski cha maji mtaani Bula Pesa, mjini Isiolo. Asubuhi alitoka nyumbani kwa miguu yake, mtungi mkononi. Adhuhuri alirejeshwa amebebwa, mguu wa kulia umekuwa mfupi kuliko mwenzake na wayo umeelekea nje, mithili ya mguu wa mtu mwingine ulioazimwa na kufungwa kiunoni mwake.

Kwetu Waborana nyanya huitwa Akko, nami nitamwita hivyo katika makala haya. Yeye si mtu wa kukaa. Kwa miaka mingi amekuwa miongoni mwa kina mama wa Isiolo wanaopokea maziwa ya ngamia yaletwayo kutoka malishoni, wakayaonja, wakayapima na kuyapakia katika mabasi yaelekeayo Eastleigh, Nairobi. Lakini mwaka huo ulikuwa wa dhiki. Misimu mitano ya mvua ilikuwa imepita mfululizo bila mvua ya kutosha tangu mwishoni mwa mwaka wa 2020. Mizoga ya ng'ombe ilitapakaa kando ya barabara, na maziwa yaliyofika mjini yalikuwa kidogo. Ndiyo maana Akko alikuwa katika foleni ya maji na si penye mizani yake.

Picha ya eksirei ilionyesha kwamba shingo ya mfupa wa paja ilikuwa imevunjika. Nilijifunza siku hiyo kwamba mfupa nao una shingo na kichwa. Kichwa ni tufe linalozunguka ndani ya kikombe cha nyonga, nayo shingo hukibeba kichwa hicho. Mishipa mingi ya damu inayokilisha kichwa hupitia shingoni. Shingo ikikatika kwa mzee na vipande vikiachana, mishipa hukatika nayo, na kichwa huweza kufa kwa kukosa damu hata kama vipande vitaunganishwa tena. Kwa hivyo madaktari walishauri kwamba nyonga yote ibadilishwe. Upasuaji ungefanyiwa mji mwingine, nasi tulihitaji fedha. Tulichanga, tukakopa, tukauza mifugo michache iliyosalia kwa bei ya kutupa. Siku 16 zikapita Akko akiwa chali kitandani.

Siku 16 si chache kwa mzee. Utafiti mmoja uliochapishwa Marekani mwaka wa 2007 uliwalaza kitandani wazee wenye afya njema kwa siku 10 tu, na katika muda huo wakapoteza takriban kilo moja ya misuli ya miguu. Hao walikuwa wazima, walilala kwa hiari. Sembuse Akko aliyevunjika na ambaye maumivu yalimnyima hata hamu ya kula! Tulipofika hospitalini, paja lake la kulia lilikuwa limenywea hata ngozi ikaning'inia.

Upasuaji wenyewe ulifaulu. Una historia ndefu, lakini sura yake ya kisasa ilitokana na kazi ya daktari Mwingereza John Charnley katika hospitali ya Wrightington mwanzoni mwa miaka ya 1960. Yeye aliunganisha kichwa kidogo cha chuma cha pua na kikombe cha plastiki ngumu, akavishikiza vyote mfupani kwa saruji maalumu. Mwaka wa 2007 jarida la tiba la The Lancet lilichapisha makala yaliyouita upasuaji huo kuwa upasuaji wa karne. Sisi tuliokuwa tukisubiri kwenye benchi ukumbini hatukuona mzaha katika sifa hiyo.

Hapo ndipo lugha ilipoanza kunionyesha cha mtema kuni. Nilikuwa mwaka wa tatu katika shahada yangu, Kiswahili kikiwa somo kuu, na jamaa wote walikubaliana kwamba mimi ndiye niwe mkalimani baina ya Akko na wahudumu. Akko hukisema Kiswahili cha sokoni kwa ufasaha, lakini mambo mazito huyapenda kwa Kiborana. Alipozinduka, nilimweleza kwa fahari kwamba sasa ana nyonga bandia. Akanitazama kwa muda mrefu. "Bandia?" akauliza. "Tumeuza wanyama wote wale, kisha wakanitilia kitu bandia?" Nilipigwa na butwaa. Katika vitabu vyetu, kiungo bandia ni istilahi isiyo na doa. Sokoni Isiolo, bandia ni noti ya uwongo na dawa ya ng'ombe iliyochanganywa na unga. Nililazimika kumweleza upya kwamba nyonga yake ni ya chuma, imetengenezwa na mafundi, tena imelipiwa kihalali. Akashukuru Mungu, ingawa kwa shingo upande.

Turejee Isiolo. Tuliruhusiwa kwenda nyumbani na karatasi moja ya maagizo iliyoandikwa kwa Kiingereza. Asipinde nyonga kupita pembe ya digrii 90. Asipandishe mguu juu ya mwenziwe. Asiugeuzie mguu huo ndani. Alale chali, mto ukiwa katikati ya miguu. Nilipoyatafsiri maagizo hayo, niligundua kwamba yameandikiwa nyumba yenye viti virefu, kitanda kirefu na choo cha kukalia. Akko hukaa mkekani au juu ya kigoda kifupi. Choo chetu ni cha kuchuchumaa. Mara tano kwa siku yeye hurukuu na kusujudu. Kila jambo lililokatazwa katika karatasi ile lilikuwa sehemu ya siku yake, na mengine yalikuwa sehemu ya imani yake. Sheikh wa mtaa alimtuliza kwamba mgonjwa huswali kadiri awezavyo, hata akiwa ameketi kitini. Fundi seremala naye alitutengenezea kiti kirefu chenye tundu, tukakiweka juu ya choo. Matatizo ya mchana yakapata ufumbuzi.

Usiku ulikuwa hadithi nyingine. Tangu ujana wake Akko amelala kwa ubavu, uso umeelekea ukutani. Sasa alilazimika kulala chali kama maiti anayesubiri kuoshwa. Maneno hayo ni yake. Kila alipoanza kusinzia, mwili ulitaka kugeuka, maumivu yakamzindua, nayo hofu ya kuteguka ikamzuia kulala tena. Mimi nililala sakafuni kando yake, nikawa nasikia akihesabu tasbihi hadi alfajiri. Mchana alisinzia kitini, kwa hivyo usiku uliofuata usingizi ulizidi kuwa haba. Asiyelala hana nguvu za kufanya mazoezi, na asiyefanya mazoezi hachoki akalala. Mduara huo ulitushinda kuuvunja.

Wiki mbili baada ya kurudi, nyuzi zikiwa zimetolewa na kidonda kimefunga, tulimpeleka kwa mtaalamu wa viungo mjini. Alikuwa kijana mpole, mwenye subira. Alimwambia Akko akaze paja lake la kulia, alisukume goti chini dhidi ya kitanda. Akko akakunja uso, akakaza meno, akakaza hata ngumi. Paja halikutikisika. "Mama, tutatumia mashine," akasema yule kijana, akatoa kisanduku kidogo kinachoenea kiganjani, chenye nyaya nne na vibandiko. Kisha akanigeukia ili nitafsiri.

Nami, msomi wa Kiswahili, nikasema: "Akko, atakupitishia umeme mguuni."

Msomaji mpenzi, hebu jiweke mahali pa mwanamke yule. Umeme katika Kiswahili ni mwako wa radi kabla ya kuwa huduma ya kulipia kila mwezi. Umeme hupiga. Umeme huchoma nyumba. Kwa Kiborana nilitafuta neno jingine, likanijia bakakka, yaani radi ipasuayo mti na kuua ng'ombe waliojikinga chini yake. Nikaharibu zaidi. Nikajaribu stima, kama tuitavyo umeme huku kwetu, neno tulilolipata kutokana na Kiingereza kwa njia ya mvuke na meli. Akko akaniuliza kama stima hiyo si ile iliyomrusha fundi kutoka mlingotini mwaka uliopita. Akasimama kwa msaada wa kiunzi chake cha kutembelea, akataka kwenda nyumbani. Akakataa kurudi kwa siku tatu.

Siku hizo tatu ni deni langu. Paja lilizidi kunywea, na usiku uliendelea kuwa mrefu. Wala haikuwa kosa la mashine wala la mtaalamu. Lilikuwa kosa la neno, na neno lilitoka kinywani mwangu.

Siku ya tatu usiku, nikiwa nimelala sakafuni, niliomba kumweleza tena. Nilianza na istilahi ya darasani: mashine ile huchochea misuli. Akko akacheka, mara ya kwanza tangu aanguke. "Kuchochea ni moto au ni fitina," akasema. "Wanasiasa ndio huchochea. Mguu wangu umekosana na nani?" Nami nikacheka. Kisha akauliza swali ambalo lingepaswa kuwa la kwanza: "Niambie ukweli, mjukuu wangu. Msuli wangu umekufa?"

"Haujakufa, Akko. Umelala."

Akanyamaza kitambo. "Basi kama umelala, aje auamshe," akasema. "Mmoja wetu lazima awe macho ili mwingine alale."

Kesho yake tulirudi. Akko alimwambia yule kijana, kwa Kiswahili chake mwenyewe: "Mwanangu, leta hicho kiamshi chako." Kijana akanitazama, akatabasamu, na kuanzia siku ile kifaa kikaitwa kiamshi na kila mtu chumbani mle.

Nilipochunguza baadaye, niligundua kwamba Akko alikuwa amekaribia ukweli wa kisayansi kuliko nilivyodhani. Baada ya upasuaji wa kiungo, maumivu na uvimbe hupeleka taarifa kwenye uti wa mgongo, nao uti hupunguza amri ziendazo kwa misuli iliyo karibu. Msuli si mgonjwa, ila haupati amri kamili. Mwenyewe hutaka kuukaza asiweze. Kiamshi hutuma mikupuo midogo ya umeme kupitia ngozi, aghalabu baina ya 30 na 50 kwa sekunde, ikazigusa neva ziendazo msulini, nazo neva huukaza msuli bila kusubiri amri ya ubongo. Hukaza kwa sekunde chache, kisha hupumzisha kwa muda mrefu zaidi, kwa sababu msuli unaokazwa kwa umeme huchoka upesi kuliko ule unaokazwa kwa hiari. Kipindi kimoja huchukua takriban dakika 20 hadi 30. Nguvu yake hutoka katika betri ndogo. Kwa mji ambao taa huzimika bila taarifa, hilo si jambo dogo.

Wala wazo lenyewe si geni. Katika karne ya kwanza, tabibu Mrumi Scribonius Largus aliandika kwamba mwenye jongo asimame juu ya samaki hai wa jamii ya taa atoaye umeme, hadi mguu ufe ganzi kufikia goti. Mwaka wa 1791 Luigi Galvani wa Bologna alichapisha matokeo ya majaribio yake, akionyesha kwamba mguu wa chura aliyekufa hujikunja neva yake iguswapo na umeme. Kisanduku alichokishika kijana yule wa Isiolo ni kijukuu cha chura huyo.

Siku ya kwanza vibandiko viwili viliwekwa mbele ya paja, mbali na kovu. Kabla ya hapo aliulizwa maswali: je, ana kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo? Je, ana damu iliyoganda mguuni? Je, anahisi akiguswa ngozi? Mwenye matatizo hayo huweza kudhurika. Kisha kijana akazungusha kitufe taratibu. Akko alisema anahisi siafu wakitambaa. Kikazungushwa tena. Ghafla paja lililokuwa limelegea kama kiriba kitupu likajikusanya, kifupa cha goti kikapanda juu. Akko akatamka jina la Mungu. Likalegea. Likakaza tena. "Sasa lisaidie, mama," kijana akasema. "Likikaza, nawe kaza." Hiyo ndiyo siri ya matibabu yale. Mashine haifanyi mazoezi kwa niaba ya mtu. Humkumbusha njia aliyoisahau. Baada ya wiki moja hivi, kijana alizima kisanduku bila kumwambia Akko, akamwamuru akaze. Paja likaitika lenyewe.

Je, na usingizi? Hapa sina budi kusema kweli, maana wapo wauzaji wa vifaa hivi wanaoahidi usingizi mnono kana kwamba wanauza mto. Tafiti zimeonyesha kwa uthabiti kiasi kwamba kuamsha misuli kwa umeme husaidia kurejesha nguvu za paja baada ya kubadilishwa goti. Kuhusu nyonga tafiti ni chache, japo zipo zilizoonyesha manufaa kwa wazee. Kuhusu usingizi ushahidi ni mdogo zaidi. Kilichomsaidia Akko kilikuwa mkusanyiko wa mambo. Kisanduku kile kilikuwa na hali ya pili iitwayo TENS, isiyokaza msuli bali hugusa neva za hisia tu. Msingi wake ni nadharia ya lango iliyotolewa na Ronald Melzack na Patrick Wall mwaka wa 1965, kwamba hisia nyepesi ya mguso huweza kulifunga kwa kiasi lango ambalo maumivu hupitia katika uti wa mgongo. Tulikiazima kifaa, tukawa tunamfunga kwa nusu saa baada ya swala ya Isha. Vidonge vya maumivu alivimeza kabla ya kulala badala ya kusubiri azinduliwe. Mchana hatukumwacha asinzie ovyo. Alitembea na kiunzi chake hadi langoni na kurudi, kila siku hatua chache zaidi. Mto tuliufunga kwa leso ili usiponyoke miguuni, na hofu ya kuteguka ikapungua.

Usiku mmoja mwezi wa Machi nilizinduka kwa adhana ya alfajiri. Nilisikiliza, sikusikia tasbihi. Moyo ukanienda mbio. Niliinuka, nikaweka mkono karibu na pua yake. Akko alikuwa amelala chali, kinywa wazi, akikoroma kama basi la Moyale linalopanda mlima. Sikumwamsha hadi mwanga ulipoanza kupenya dirishani. Aliponiona nimesimama, aliuliza nani amekufa.

Mwezi huo huo mvua ilinyesha. Ramadhani ikaingia, na mwezi wa Aprili Akko aliswali Idi akiwa amekaa kitini mwishoni mwa safu, bakora kando yake. Hadi leo hajarudi kusujudu sakafuni. Daktari alimwambia asiharakishe, naye amesema Mungu anaona kichwa kinachoinama hata kama hakifiki chini. Penye mizani ya maziwa amerudi, ila sasa anakalia kiti kirefu, na kina mama wengine humtania kwamba amekuwa chifu.

Nimeyaandika haya katika jarida la wanafunzi na walimu wa Kiswahili kwa sababu moja. Aghalabu tunapojadili istilahi, huuliza kama neno limefuata kanuni za uundaji, kama ni fupi, kama linanyumbulika. Hayo ni maswali halali. Lakini lipo swali jingine ambalo mimi sikufundishwa, nikafundishwa na mwanamke asiyejua kusoma: mgonjwa akiliambiwa neno hili, atabaki au ataondoka? Bandia, umeme na kuchochea yote ni maneno sahihi katika kamusi. Yote matatu yalimfukuza Akko. Hali kadhalika mshipa, ambao kwetu ni njia ya damu, ni neva, ni msuli, na ni maradhi pia. Tabibu akisema mshipa umelala, kila msikilizaji ataondoka na ugonjwa wake.

Sidai kwamba kiamshi ndiyo istilahi ifaayo kusanifishwa. Huenda wataalamu wakapata bora zaidi. Ninachoomba ni kwamba, kabla ya orodha zetu kuchapishwa, tuzipeleke kwanza hospitalini, tukaketi kwenye mabenchi yale ya ukumbini, tukamuulize anayesubiri: ukisikia hivi, unaelewa nini? Wanafunzi tunaotafuta mada za tasnifu tunazo hapo za kututosha hadi tuzeeke.

Juzi nilimpigia Akko simu kumwarifu kwamba nimemwandika. Akauliza kama nimelitaja jina lake. Nikasema la. "Vizuri," akasema, "lakini andika kwamba nalala." Basi nimeandika.